Thamani ya Nyumba Yako Texas Haijaandikwa Msahafuni

Kila mwaka ikifika Aprili, simu yangu hujaa picha za karatasi ileile: notisi ya thamani ya nyumba kutoka ofisi ya uthamini ya kaunti. Anayetuma ni shemeji wa Katy, pembezoni mwa Houston, au dada mmoja wa Mombasa anayeishi Richmond, au mzee wa Kikongo wa upande wa Alief aliyenunua nyumba kwa jasho la zamu za usiku. Ujumbe unaofuata picha haubadiliki sana: "Ndugu, hawa wameniongezea tena. Nitalipaje?"

Mimi huwajibu kwa swali jingine: nani kakwambia hiyo namba ni ya kweli?

Naelewa kwa nini hatuulizi. Wengi wetu tumetoka kwenye nchi ambako karatasi ya serikali ikishagongwa muhuri, mjadala umekwisha. Kwetu Tanzania, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme: unanunua LUKU, chao kinatoka, basi. Nyumba ya kawaida ina kiwango chake, ghorofa ina chake, na hakuna anayekaa kukisia nyumba yako ingeuzwa shilingi ngapi, kwa hiyo hakuna cha kubishania. Familia za Kikongo zilizopitia kambi ya Nyarugusu zina sababu nzito zaidi za kutotaka kubishana na ofisi yoyote ile. Texas mambo yamepangwa kinyume. Namba iliyo kwenye notisi ni kama bei ya kwanza anayokutajia muuzaji wa Kariakoo: ameitaja akitarajia utajibu, na ukinyamaza umekubali. Sheria imejenga ngazi nzima ya kujibu. Kuweka pingamizi ni bure, na fomu haikuulizi uraia wala aina ya karatasi zako za uhamiaji. Kinachotakiwa ni uwe mwenye mali.

Jimbo hili halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Mwaka 2019 wapiga kura waliufunga mlango huo kwenye katiba. Kwa hiyo shule, kaunti, jiji, hospitali za umma, chuo cha jamii, na kwenye esteti mpya wilaya ya maji na majitaka, wote macho yao yako kwenye nyumba yako. Zamani kila mmoja wao alikuwa na mkadiriaji wake, na nyumba moja ingeweza kuwa na thamani tatu tofauti. Sheria ya mwaka 1979, ambayo wengi huiita kwa jina la mbunge Wayne Peveto, ndiyo iliyoleta ofisi moja ya uthamini kwa kila kaunti. Ofisi hiyo kazi yake ni kusema nyumba ina thamani gani. Haipangi asilimia ya kodi wala haizitumii hizo pesa. Wanaopanga asilimia ni bodi za shule, madiwani na wenzao, na hukaa kufanya hivyo mwishoni mwa kiangazi, mara nyingi Agosti na Septemba, kwenye mikutano iliyo wazi kwa umma ambayo sisi hatuendi. Ndiyo maana ukimfuata mthamini ukamlilia kuwa kodi imepanda na watoto wanasoma, atakusikiliza kwa adabu na hatabadilisha hata senti. Mbele yake kuna jambo moja tu: tarehe 1 Januari ya mwaka huu, nyumba hii ilikuwa na thamani gani?

Lakini kabla hujafika huko, kuna jambo ninalomuuliza kila mtu kwanza, na inasikitisha ni wangapi wananijibu "sijui": umejaza msamaha wa nyumba ya makazi? Hapa wenyewe tunauita homstedi. Ni fomu namba 50-114, unaijaza mara moja, bure, ukiambatanisha leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas chenye anwani ya nyumba hiyohiyo. Kwa kodi ya shule, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, msamaha huo ulipandishwa hadi dola 100,000 mwaka 2023, na kura ya Novemba 2025 ikaufikisha dola 140,000. Maana yake shule haitozi kodi kwenye dola 140,000 za mwanzo za thamani ya nyumba yako. Shule ikitoza takriban dola moja kwa kila mia, hapo umeokoa kama dola 1,400 kwa mwaka bila kubishana na mtu. Mwenye miaka 65 na zaidi, au mwenye ulemavu, anaongezewa dola 60,000 juu yake, na kodi yake ya shule inawekewa kikomo. Wazazi wanaoishi kwenye nyumba iliyoandikwa jina lao wanapoteza pesa hizi kila mwaka kwa sababu watoto hawakuwaambia. Ukiwa umechelewa, sheria inakuruhusu kuomba kwa kurudi nyuma, hadi miaka 2 baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka huo ilihesabiwa kuwa imechelewa.

Na ukipokea barua yenye alama inayofanana na ya serikali ikikutaka ulipe ada ili uandikishiwe homstedi, itupe. Kuna watu wanaishi kwa barua hizo.

Homstedi ina faida ya pili ambayo watu wengi huielewa nusunusu, na hapa nitakawia kidogo. Ukishakuwa nayo, kuanzia mwaka unaofuata thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata soko likipaa vipi (nyongeza mpya kama chumba ulichojenga huhesabiwa pembeni). Kwa hiyo notisi yako ina namba mbili: thamani ya soko, na thamani inayotozwa baada ya kikomo. Tuseme mwaka jana ulitozwa kwa dola 300,000. Mwaka huu soko, kwa macho yao, ni 372,000, lakini kikomo kinawasimamisha kwenye 330,000. Ukienda kupinga ukashusha thamani ya soko hadi 345,000, utarudi nyumbani na furaha, na bili yako itakuwa ileile. Hujashinda kitu, kwa mwaka huu. Ili kodi ishuke lazima uivuke chini ile 330,000. Kushusha soko kunaweza kukufaa mwakani, pale kikomo kitakapopanda na kukutana na soko, lakini mtu ajue anachopigania. Nimewaona wakala wakitangaza "tumekushushia dola 27,000" kwa mteja ambaye bili yake haikusogea. Nyumba ya kupangisha haina kinga ya asilimia 10. Ina kikomo cha muda cha asilimia 20, kilichowekwa kwa miaka ya kodi ya 2024 hadi 2026, kwa mali isiyozidi takriban dola milioni 5. Kwa hiyo mwenye nyumba ya kupangisha ana sababu kubwa zaidi ya kupinga kuliko anayeishi ndani kwa miaka mingi.

Wanunuzi wa nyumba mpya nao wana mtego wao. Kwa kuwa kila kitu kinaangaliwa kama kilivyokuwa Januari 1, nyumba iliyokamilika Juni inatozwa mwaka huo kama kiwanja, au kiwanja na zege la msingi. Benki inapiga hesabu ya eskro, yaani akiba ya kodi inayokatwa ndani ya malipo yako ya mwezi, kwa bili hiyo ndogo, mnafurahi, mnanunua makochi. Mwaka wa pili nyumba nzima inaingia kwenye vitabu, eskro inakutwa na pengo, na malipo ya mwezi yanaruka kwa mamia ya dola: ya kufidia lililopita na ya kujiandaa kwa linalokuja, kwa pamoja. Ukichanganya na wilaya ya maji, ambayo kwenye esteti changa za pembezoni mwa Houston inaweza kusukuma jumla ya viwango hadi karibu asilimia 3, hapo ndipo watu wanapoanza kusema wameibiwa. Hawajaibiwa. Ila mwaka huo wa pili ndio mwaka wa kuikagua notisi kwa tochi, kwa sababu ndipo wanapoiingiza nyumba yako kwa mara ya kwanza, na makosa ya mwanzo hukaa miaka.

Makosa yenyewe yanatoka wapi? Hakuna mthamini aliyeingia sebuleni kwako. Kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston, ina mali zaidi ya milioni moja na nusu za kuthaminiwa. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta, kwa kuzigawa nyumba katika mitaa na kuzipigia hesabu kwa ukubwa, umri, daraja la ujenzi na hali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufungua tovuti ya ofisi ya kaunti yako, kuitafuta nyumba yako kwa anwani, na kusoma kila mstari. Futi za mraba ni zile zilizo kwenye ramani ya mjenzi? Baraza la nyuma lenye paa limehesabiwa kama chumba? Wameandika bwawa ambalo halipo? Mabafu ni mangapi? Kosa la ukubwa ndilo rahisi kuliko yote kushinda, maana halina falsafa: unapima, unaonyesha, wanasahihisha.

Baada ya hapo kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kusema thamani yao imezidi bei ya soko. Ya pili ni kusema nyumba yako imethaminiwa juu kuliko nyumba zinazofanana nayo, yaani uthamini haukuwa sawa. Kwenye fomu weka alama kwenye zote mbili. Usipoiweka ya pili unaweza kuzuiwa kuizungumzia baadaye, na hiyo ndiyo silaha bora ya mtu wa kawaida.

Nitaeleza kwa nini. Texas haimlazimishi mtu kutangaza bei aliyonunulia nyumba. Bei za mauzo hukaa kwenye hifadhidata ya madalali wenye leseni, wewe huna ufunguo. Ukiwa na rafiki dalali, mwombe akuchapishie mauzo ya miezi ya karibuni mtaani kwako. Wengi hufanya hivyo bila malipo kwa kutumaini utawakumbuka siku ya kuuza. Kama ulinunua karibuni kwa bei ya chini kuliko notisi, karatasi yako ya kufungia mauzo inatosha kuwa ushahidi mzito. Kama ulinunua kwa bei ya juu zaidi, na ofisi ikakutumia dodoso kuuliza ulilipa kiasi gani, kulijibu ni hiari. Ila ukiwa chini ya kiapo ukaulizwa, usiseme uongo. Sisi tuna mengi ya kupoteza.

Njia ya pili haihitaji bei ya mauzo hata moja. Thamani walizoziandika wao wenyewe kwa majirani zako ziko wazi kwenye tovuti yao. Kifungu cha 41.43 cha sheria ya kodi kinasema ukichukua idadi ya kuridhisha ya nyumba zinazolinganishika, ukazirekebisha ipasavyo, na thamani yako ikawa juu ya ile ya katikati, unastahili kushushwa. Mimi hufanya hivi: natafuta nyumba za mtaa huohuo, mjenzi huyohuyo, zilizopishana miaka michache na ukubwa usiopishana sana. Nagawa thamani ya kila moja kwa futi zake za mraba, nazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, naangalia ya katikati. Tuseme yako ni futi 2,200 na imethaminiwa dola 352,000, yaani dola 160 kwa futi. Nyumba saba za kulinganisha zinaanzia 139 hadi 163, na ya katikati ni 148. Mara 2,200, unapata 325,600. Kwa viwango vya jumla vya asilimia 2.3, tofauti hiyo ni kama dola 600 kwa mwaka. Sikiliza lakini: nyumba kubwa huwa na thamani ndogo kwa futi, kwa hiyo ukilinganisha kibanda chako na kasri la futi 4,000 mthamini atakucheka kimoyomoyo. Na usiokote nyumba za chini tu ukaziacha za juu. Naye ana orodha yake, na yako itapoteza heshima mezani.

Hali ya nyumba ni jambo la tatu, na Houston lina uzito wake. Udongo wetu wa mfinyanzi hujaa maji mvua ikinyesha, ukasinyaa kiangazi, na zege la msingi linacheza nao. Ufa juu ya fremu ya mlango, tofali za nje zilizoachana, mlango usiofunga: kompyuta haioni. Piga picha zenye tarehe, halafu mwite fundi wa misingi akuandikie makadirio ya matengenezo. Karatasi yenye jina la kampuni na kiasi cha dola ina nguvu kuliko maelezo ya nusu saa. Paa bovu, mabomba yaliyopasuka, mafuriko, vyote huenda kwa mtindo huohuo, mradi uharibifu ulikuwepo Januari 1.

Mwisho wa kupinga ni Mei 15, au siku 30 tangu notisi ilipotumwa, ipi inayokuja baadaye zaidi. Fomu ni 50-132, ingawa kaunti kubwa zina njia ya mtandaoni iliyo rahisi zaidi. Pamoja na pingamizi andika kuwa unaomba ushahidi watakaoutumia. Wanatakiwa kukupa angalau siku 14 kabla ya kikao, na walichokunyima baada ya kuombwa hawaruhusiwi kukitumia dhidi yako. Uusome. Mara nyingine nyumba walizozichagua wao zinakusaidia wewe kuliko zako.

Mara nyingi kesi huishia kwenye mazungumzo na mthamini, ana kwa ana, kwa simu au kwenye kompyuta. Mtu huyo ana foleni ndefu na hana kisa na wewe. Msalimu, mpe ukurasa mmoja wenye namba, mtajie kiasi unachokitaka, nyamaza. Wenzetu huharibu hapa kwa kuongea sana, historia ya familia nzima, wakati mtu anatafuta safu ya takwimu. Akikupa ofa ya kati, pima. Ukitia saini umefunga mlango wa mwaka huo, huwezi kwenda mbele tena.

Ukikataa, unaenda Bodi ya Mapitio ya Uthamini. Jina linatisha, lakini mara nyingi ni wakazi watatu wa kaunti yako nyuma ya meza, si waajiriwa wa ofisi ya uthamini. Unaapa, unaeleza, mthamini anaeleza, unajibu, wanajadili ukiwasikia, wanatamka namba. Muda ni mfupi, kwa kaunti kubwa dakika chache tu. Kwa kawaida mzigo wa kuthibitisha thamani ya soko uko kwa ofisi, si kwako. Na hofu niliyoisikia mara nyingi, kwamba ukienda kubisha watakupandishia, haina msingi: bodi hairuhusiwi kupitisha thamani iliyo juu kuliko ile iliyowasilishwa kwake, labda wewe mwenyewe uombe. Anayefanya kazi mchana anaweza kuomba kikao cha simu au video, ila ushahidi wake autume kabla, pamoja na tamko la kiapo. Ukipata dharura, asiye na wakala ana haki ya kuahirisha mara moja bila kutoa sababu. Kiingereza kikikusumbua, jaza fomu ya kumteua wakala au andaa maelezo ya maandishi. Namba hazina lafudhi.

Kuhusu kampuni za mawakala wanaochukua sehemu ya ulichookoa: siwapigi vita. Kwa mtu wa zamu mbili ambaye anajua hatafungua hata tovuti, wakala ni bora kuliko kimya. Uliza tu anatoza asilimia ya nini, ya thamani iliyoshuka au ya kodi iliyopungua kweli, kwa ile sababu ya kikomo niliyoieleza juu. Na uangalie mkataba kama unajirudia wenyewe kila mwaka.

Bodi isipokuridhisha, una siku 60 tangu upokee uamuzi: mahakama ya wilaya, au usuluhishi unaofunga pande zote kupitia ofisi ya mdhibiti wa fedha wa jimbo. Kwa nyumba ya makazi isiyozidi dola 500,000, amana ya usuluhishi ni dola 450. Ukishinda unarudishiwa isipokuwa 50. Nadhani inafaa pale tofauti ni kubwa na ushahidi wako ni wa karatasi. Kwa kupunguza dola elfu tano za thamani, kaa nyumbani.

Ukikosa tarehe zote, bado kuna kifungu cha 25.25: makosa ya wazi ya kiuandishi yanaweza kusahihishwa hadi miaka 5 nyuma, na nyumba ya makazi iliyozidishiwa kwa zaidi ya robo ya thamani yake sahihi inaweza kufunguliwa tena kabla kodi haijachelewa.

Bili huja kuanzia Oktoba, na mwisho wa kulipa ni Januari 31. Usishikilie malipo kwa hasira. Hata walio mahakamani wanatakiwa kulipa kiasi kisicho na ubishi, la sivyo kesi inakufa. Na kama benki ndiyo inayokulipia, uamuzi wa kushushiwa haufiki kwenye malipo yako ya mwezi wenyewe. Skani karatasi ya bodi, itume kwa watu wa eskro, kisha piga simu uombe hesabu ya mwaka ifanywe upya. Utasikilizishwa muziki muda mrefu.